Usimpike Dume Mkali

Majuzi kijana mmoja wa idara yetu alinitumia picha kwa simu. Ilikuwa ya perege dume, pezi la mgongoni limechanika, magamba ya ubavuni yamebanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Chini yake ameandika: "Shikamoo Mama Samaki. Huyu nimpe dawa gani?"

Nikamjibu: "Marahaba. Huyo haumwi. Kamtazame jirani yake."

Akanirudishia alama ya kuuliza. Nikaona jambo hili halimaliziki kwa ujumbe wa simu, na nyinyi mnaoanza kazi ya ugani wa samaki mko wengi, basi nimekaa kuandika. Nimestaafu, magoti yanauma na muda ninao.

Nilikuwa afisa uvuvi huku kwetu tangu Kibiti na Rufiji zilipokuwa wilaya moja hadi zilipogawanywa. Watu wakisikia hivyo hudhani nilishinda deltani kwenye kamba na kaa. Huko nako nilifika. Lakini sehemu kubwa ya utumishi wangu niliitumia kwenye tuta la bwawa la kuchimba, nikitazama samaki madume wakigombana. Serikali ilinilipa kwa kazi hiyo na sina malalamiko.

Aliyenifundisha kutazama ni bosi wangu wa kwanza, Bwana Mapunda, mtu wa Songea. Alikuwa hali samaki. Mchana alikula maharage, jioni maharage, na ukimuuliza alisema hawezi kumla mtu anayemfahamu. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye bwawa moja huko Umwe, akaniambia nikae, nifunge mdomo, nitazame chini ya maji mpaka nimwone mwenye nyumba.

Nami nawaambia vivyo hivyo. Perege dume, maji yakishapata joto, hushuka chini akachimba shimo la mviringo kama sinia. Hana jembe. Anabeba tope mdomoni, anakwenda kulitema pembeni, anarudi. Akimaliza hubadilika rangi, akawa mweusi, na mapezi yake yakapigwa wekundu ukingoni. Jike huja, hutaga shimoni, huyaokota mayai kwa mdomo wake mwenyewe na kuondoka nayo. Malezi yote ni yake. Dume hubaki palepale akizunguka na kufukuza kila anayepita.

Nilimuuliza Bwana Mapunda, "Mayai yameshaondoka. Sasa analinda nini?"

"Shimo."

"Lina nini?"

"Halina kitu," akasema. "Andika hivyo hivyo. Dume wa samaki hana roho mbaya, binti yangu. Ana shamba tu."

Nimeishi na sentensi hiyo miaka yote ya kazi. Mkulima akikuambia samaki wake ni wakorofi, usianze kutafuta mkorofi. Tafuta mashamba. Yako mangapi, yamepakanaje, na nani kahamia juzi.

Kisha tazama ukubwa wao. Mkubwa na mdogo hawasumbui sana, maana ugomvi wao huisha kabla hujavua viatu. Mdogo hupauka, hukunja mapezi, hujibanza kwenye majani. Kupauka ndiko kusalimu amri. Wa kuogopwa ni wawili wanaolingana. Hao huoneshana ubavu, hutanua mapezi, hutanua mashavu, kisha hushikana midomo na kusukumana kama watu wawili kwenye mlango mwembamba, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia wewe.

Kosa ambalo wengi wenu mtalifanya ni kudhani ugomvi unatokana na msongamano. Mtapunguza samaki, na wale waliobaki watapigana zaidi. Wakiwa wachache, kila mmoja anaona nafasi ya kumiliki na ana nguvu ya kuilinda. Wakiwa wengi sana, hakuna anayeweza kulinda kitu. Nyumba ya watu wawili lazima iwe na mwenye nyumba, lakini kituo cha mabasi cha Bungu hakina mwenyewe, na watu wanapishana tu. Ndiyo maana kwenye mabwawa ya kukuzia, haya ya siku hizi mnayojaza madume watupu, mnaweza msione vita. Bwawa la kuzalishia ni jambo jingine. Pale lazima madume wawe na mashamba, la sivyo hakuna ndoa.

Na hapa ndipo nimlete Siwema.

Siwema alikuwa mjane katika kitongoji kimoja cha Mahege. Mumewe alimwachia nyumba, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kibonde kisichokauka maji mwaka mzima, ila kibonde chenyewe kilikuwa cha ukoo. Shemeji zake walikuwa wawili, Salumu mkubwa na Tamimu mdogo, watu wazima wenye ndevu. Walimwambia mbele ya watu: "Shemeji, chimba bwawa lako, zalisha hao vifaranga unaowasema. Lakini masika yakikuta bwawa halina kifaranga, tunalifukia, tunagawana kibonde, tunapanda mpunga."

Bila kibonde kile Siwema angebaki na uwanja wa kuanikia nguo. Angerudi kwao, kwa kaka zake, ambao walishampelekea ujumbe kwamba nyumba imejaa. Kwa hiyo hakuwa anafuga samaki ili apigwe picha siku ya wageni.

Mimi nilimsaidia kuchagua wazazi. Wapya jifunzeni hili: mlaze samaki chali kwenye kitambaa kibichi, mpake sehemu ya siri dawa ile ya zambarau wanayopakwa watoto wenye vidonda vya mdomo, kidogo tu. Dume utamhesabia matundu mawili, jike matatu. Tulipaka siku nzima. Mikono yetu ilikaa zambarau mpaka watu wakadhani tumetoka kupiga kura.

Baada ya hapo nikaitwa deltani kwa muda. Niliporudi nilikuta bwawa limekuwa uwanja wa vita. Majike walikuwa na vidonda, madume mapezi vipande vipande, na kifaranga hata mmoja hayupo.

"Siwema," nikamuuliza, "yule dume mkubwa wa kona ya mgomba yuko wapi?"

"Tumemla."

"Kwa nini?"

"Alikuwa mkorofi, Mama Samaki. Anawapiga wenzie, anawafukuza majike. Mie nkasema huyu hanifai. Nikamtia nazi."

"Na aliyeshika kona baada yake?"

"Huyo alikuwa mkorofi zaidi. Naye tulimtia nazi."

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila Ijumaa baada ya swala Shemeji Salumu alikuja, akazunguka tuta mikono ikiwa nyuma, akasimama, akanyoosha kidole. "Yule pale. Mtazame macho." Siwema alimtoa kwa wavu. Salumu aliketi mkekani kusubiri hukumu itekelezwe. Hakuwa mtu wa kula bure. Kesho yake alileta dume mwingine kutoka mtoni kwenye ndoo, mkubwa, akamtumbukiza mwenyewe na kusema bwawa linahitaji damu mpya. Siwema naye, kwa kuwa ni mwanamke msafi, alifungulia maji mapya kila baada ya hukumu ili kuondoa mabaki ya ugomvi.

Msicheke. Fikra yenyewe haina kasoro. Mtaani kwenu mkimtoa mwizi, wizi unapungua. Nani angedhani samaki wanataka kinyume chake?

Nilipanda kwenye dungu lake. Kwa mliotoka mbali, dungu ni kibanda cha miti juu ya nguzo ndefu, cha kulindia mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Hili lilikuwa la zamani, limesimama karibu na bwawa, na ukiwa juu jua likiwa kali unaona mpaka chini ya maji. Hicho ndicho kifaa bora cha uvuvi nilichowahi kutumia, na hakikuwa cha idara.

Niliwapa madume majina ili nisiwachanganye. Doa, kwa sababu alikuwa na kovu jeupe shavuni. Mkia Panda, mkia wake ulikuwa umechanika. Na Bwana Kona, aliyekuwa ameshika kona ya mgomba wakati huo. Sikutazama nani mkali. Nilitazama kila mmoja anageukia wapi.

Nikaona kumbe Doa na Mkia Panda wana mstari. Huuoni, lakini upo. Doa anakuja mpaka pale, anatanua mapezi, anarudi. Mkia Panda anakuja mpaka palepale, anatanua, anarudi. Hawagusani. Ilikuwa kama majirani wanaosalimiana kwa kukohoa. Bwana Kona naye alikuwa na mistari yake na wote wawili, tena yeye ndiye alikuwa akirukaruka kuliko wote, kwa hiyo ndiye aliyeonekana mkorofi.

Ijumaa ikafika, Shemeji Salumu akanyoosha kidole, Bwana Kona akatiwa nazi. Nilikuwa juu ya dungu nikitazama. Shimo lake likabaki wazi. Doa akaingia. Mkia Panda akaingia. Wale wawili waliokuwa wakikoholeana wakashikana midomo palepale, na mstari wao wa zamani ukafutika. Maji mapya yakaingia yakazidisha. Madume wa perege hujitambulisha kwa mkojo. Mwenye shamba hukojoa sana ili jirani ajue yupo na ni nani, na jirani akishamnusa hana haja ya kuja kumjaribu. Ukibadilisha maji yote, umewaondolea habari zote, na kila mmoja inabidi atoke nje kuuliza upya kwa meno.

Kesho yake ikaja ndoo ya Salumu. Mgeni, mkubwa, hana shimo, hamjui mtu. Kila mwenye shamba akampiga, naye akawapiga wote, na majike waliokuwa katikati wakapoteza magamba. Siku chache baadaye mambo yalianza kutulia. Mistari ikarudi. Wakaanza kukoholeana. Ikawa Ijumaa.

Nilishuka. Siwema alikuwa anakuna nazi.

"Tatizo nimeliona," nikamwambia. "Ni mchuzi."

Akaacha kukuna.

"Madume hawa wakishajuana hawaumizani. Wanatishana tu. Kila ukimtoa mmoja, waliobaki wanaanza kugawana upya. Kila akiletwa mgeni, wanaanza tena. Hujawahi kuwapa nafasi ya kumaliza kesi."

"Kwa hiyo niwaache na ukorofi wao?"

"Waache. Ukorofi wao una mipaka. Huu mnaowaletea hauna."

Akauliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa kazini. "Na shemeji Ijumaa atakula nini?"

Somo hilo halikuwepo chuoni.

"Maana akila samaki," Siwema akasema, "anatazama sahani. Asipokula, atatazama kibonde."

Tulifanya mageuzi yote kwa siku moja, nanyi mfanye hivyo. Usibadilishe kidogo kidogo, utaanzisha vita kila unapotia mkono. Tuliwatoa baadhi ya madume, tukaacha wachache kwa majike wengi, maana jike akiwa mmoja akafukuzwa na madume watatu hatataga, atakufa. Tukazamisha vigae vya mitungi na vikuti vya mnazi kati ya shimo na shimo. Samaki dume hupigana na anachokiona, na asipomwona jirani kutwa nzima hupata muda wa kula.

Hili la kuona nilikuwa nimejifunza kwenye maonesho ya wakulima. Tulimweka dume mmoja peke yake kwenye tangi la kioo, maji safi, taa kali, apendeze. Peke yake, hana wa kugombana naye. Kutwa nzima aliupiga ukuta wa kioo, maana taa ilikuwa inamwonesha kivuli chake. Mgeni rasmi alipoinama kumtazama, samaki akatanua mashavu na kumrukia. Mgeni rasmi alisema amefurahi kwa jinsi samaki wetu walivyo wachangamfu. Bwana Mapunda akasema, "Ndiyo, mheshimiwa." Jioni tukabandika gazeti nyuma ya tangi, na samaki akala kwa mara ya kwanza.

Basi, ikaja Ijumaa ya kwanza bila mchuzi. Siwema alipika muhogo na kisamvu, akatia nazi nyingi kuliko kawaida. Salumu akazunguka tuta.

"Shemeji, leo hakuna mkosaji?"

"Hakuna, shemeji. Wametulia."

"Hata mmoja?" Akainama. "Yule pale ananitazama vibaya."

"Anatazama kila mtu hivyo, shemeji. Ndivyo alivyo."

Alikula kisamvu, akaondoka mapema. Kesho yake hakuleta ndoo. Alikuja na Tamimu, wakapita kibonde kizima kwa miguu, wakihesabu hatua kwa sauti ya kusikika jikoni.

Kuanzia hapo ilikuwa ni kusubiri, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa baharini. Chini ya maji madume waliendelea kutishana kwa adabu. Siku moja Siwema alinipigia simu. Majike wawili hawali, akasema, mmoja kavimba koo, amtoe ampe dawa?

"Usimguse! Amebeba."

"Amebeba nini?"

"Watoto, Siwema. Mdomoni. Ukimkurupusha atawatema."

Kisha akasema, "Mie ningemtia nazi."

Waliposikia mvua ya kwanza ya rasharasha, Salumu na Tamimu walikuja na majembe, kamba na vijiti vya kupimia. Nilikuwepo, kwa sababu Siwema aliniomba niwepo. Alichukua bakuli jeupe, akachota pale maji yalipokuwa ya uvuguvugu kando ya tuta, akalileta mbele yao. Ndani mlikuwa na vidude vingi kama punje za bizari, kila kimoja kina macho.

Salumu alitazama muda mrefu. "Hawa ni samaki au viluwiluwi?"

Nikasema ni samaki.

"Sharti lilikuwa vifaranga," akasema Tamimu. "Vifaranga wapo."

"Wadogo mno."

"Kaka, kifaranga mkubwa ni samaki."

Salumu akakubali hilo kwa shida. "Basi bwawa tuliache kwa sasa. Pembeni yake tugawane. Mwakani tutaona kama na bwawa lenyewe tuligawe." Akapiga kijiti ardhini. Mwakani, alisema. Nilimwona Siwema akiliweka bakuli chini polepole.

Tamimu alikitazama kijiti. "Mbona kimesogea?"

"Nimekipiga sasa hivi, kitasogea vipi?"

"Vijiti vyako vina miguu, kaka. Hata kule kwenye mlau, mto ukishatoa maji tukaanza kulima, kila mwaka mpaka unakuwa umekuja kwangu."

"Mafuriko yanausogeza."

"Mafuriko yanasogeza kwangu tu, kila mwaka?"

Hapo waliacha kutupa sisi nafasi ya kusema. Walisimama kila mmoja upande wake wa kijiti, vifua mbele, mikono imepanuka. Salumu alikipiga tena, Tamimu akaking'oa. Kamba ilivutwa huku na huku. Kwa umri na urefu hawakupishana sana.

"Mama Samaki," Salumu akanigeukia, "weye serikali, sema."

"Mimi ni serikali ya samaki tu, mzee."

Ni Tamimu aliyepata wazo. Alitupa kijiti majini. "Hatuweki kijiti. Bwawa ndiyo mpaka. Huko kwako, huku kwangu, katikati shemeji. Kijiti utakisogeza alfajiri watu wamelala. Hebu lisogeze bwawa nikuone."

Salumu akafikiri. Ungemwona akitafuta hila na kuikosa. "Na iwe hivyo. Lakini lisifukiwe! Likifukiwa weye utalima mpaka mlangoni kwangu."

"Nani kasema lifukiwe? Likifukiwa si weye utakayekuja na vijiti?"

"Basi lisifukiwe kabisa."

"Kabisa."

Wakamgeukia Siwema wote wawili kwa ukali. Wakamtaka aape mbele yangu kwamba halifukii bwawa lile maisha yake yote, hata mwakani, hata akiombwa na mmoja wao. Siwema akainamisha kichwa akaapa, kwa unyonge wa kutosha.

Walishika majembe, mmoja akaenda upande huu, mwingine upande ule, wakaanza kulima. Kila baada ya muda mmoja alinyoosha mgongo akatazama ng'ambo ya maji. Akikuta mwenzake anamtazama, alikohoa, akainama tena.

Nilimuuliza Siwema kama haogopi kukaa katikati ya watu wale wawili.

"Waache walindane," akasema, akilichukua bakuli. "Nipishe hapo, Mama Samaki, nina watoto wa kulisha."